Mama Asiyesalimia

Pale chuoni walimwita Redio, na hakupewa jina hilo kwa hisani. Kijana alikuwa hazimiki. Kwenye foleni ya chai ni yeye, nyuma ya darasa mhadhiri akigeukia ubao ni yeye, bafuni maji yakikatika watu wamejaa sabuni mpaka kwenye kope, ni yeye huyo huyo anawasomea taarifa ya habari ya maafa. Na kuiga watu alikuwa amejaliwa. Mlinzi wa getini, mkuu wa chuo anayepandisha suruali kila akitaka kusema jambo zito, mpishi anayepakua nyama kana kwamba anakatwa mkono, wote alikuwa nao mfukoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamwambia, "Redio, wewe utatuua."

Sasa mtu kama huyo, uambiwe kuna mlango mmoja pale chuoni ambao akiukaribia tu miguu inamlegea, utaamini? Hutaamini. Hata yeye mwenyewe alibisha.

Alikuwa mwaka wa pili, anasomea uhandisi wa majengo, na mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha michoro. Humo wana utaratibu wao. Mwanafunzi akimaliza mchoro anaubandika ukutani, anasimama mbele yake mikono mitupu, na mwalimu pamoja na wenzake wanaanza kumuuliza. Kwa nini ngazi iko hapa? Nguzo hii inabeba nini? Wenyewe wanaita kutetea. Mwaka wa kwanza Redio alitetea kwa vichekesho, mwalimu akacheka, akampitisha. Mwaka wa pili akaja mwalimu asiyecheka. Huyo akaelekeza kalamu kwenye nguzo moja, akauliza swali dogo tu, na Redio akafungua mdomo ikatoka hewa. Moyo ukaanza kumpiga mateke. Vidole vikafa ganzi, kuta zikamsogelea, akajua kabisa kwamba anakufa, tena anakufa wima mbele za watu. Akashika tumbo, akatoka mbio. Darasa zima likaangua kicheko, wakidhani ni mchezo mpya.

Tangu siku hiyo akawa anapiga chenga. Mara tumbo, mara jino, mara amelala kapitiliza. Ukweli ni kwamba alikuwa anaamka mapema kuliko wote, anavaa, anafika mpaka kona ya lile jengo, halafu moyo unaanza mateke yake, naye anarudi. Akaenda zahanati ya chuo akiwa na hakika kwamba ana ugonjwa wa moyo. Muuguzi akampima, akamsikiliza kifua, akamrudishia shati lake.

"Moyo wako hauna neno," akamwambia. "Panda ghorofani, ukamwone mshauri."

"Mshauri yupi? Yule wa... Dada, mimi si kichaa."

"Nani amekuita kichaa? Panda ngazi, kaka. Wenzako wanasubiri."

Ghorofani kulikuwa na ukumbi mwembamba, benchi moja, na milango miwili iliyotazamana. Mmoja ulikuwa wa ofisi ya vitambulisho. Wa pili ulikuwa wa mshauri wa wanafunzi. Kwa sababu benchi ni hilo hilo, kila aliyekaa pale, ukimuuliza, alikuwa amepoteza kitambulisho. Ungewaamini, ungesema chuo kizima kina mifuko iliyotoboka. Redio naye alikaa, na binti mmoja aliyekuwa pembeni yake alipomtupia jicho, akajisemea kwa sauti, "Hivi vitambulisho navyo, sijui vinakwenda wapi." Binti akasema, "Acha tu." Wakatazama sakafu.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, sauti ya chini. Wanafunzi walimwita Mama Pole, kwa kuwa alikuwa na pole za kila namna: pole ya kuuliza, pole ya kukubali, pole ndefu ya mtu aliyeelewa. Kabla Redio hajajieleza, akamwekea sharti.

"Ukitoka hapa, mimi sikujui. Tukikutana njiani, kantini, popote, sitakusalimia. Nitakupita kama ninavyopita nguzo ya umeme. Usiudhike. Ukitaka tujuane, unisalimie wewe kwanza, nami nitaitikia. Usiponisalimia, hatujuani, hata awepo nani."

"Hata awepo mkuu wa chuo?" Redio akatania, maana mdomo wake hata siku ya kiama utatania.

"Hata awepo mama yako."

Hapo ndipo kijana akapumua. Na siku hiyo hakusema mengi, lakini wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Mama Pole akamfundisha kuweka kiganja tumboni na kuvuta pumzi mpaka kiganja kisogee. Wakakubaliana aende mpaka mlango wa chumba cha michoro, aguse kitasa, arudi zake. Akaenda, akagusa, akarudi jasho linamtoka lakini yuko hai. Safari nyingine akaingia ndani wakati hakuna mtu, akakaa kwenye kiti, akatoka. Taratibu, kama mtoto anayezoea maji.

Akamweleza na la moyoni. Asipoutetea ule mchoro kabla muhula haujafungwa, anarudia mwaka, na akirudia mwaka mama yake atajua. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kila mteja aliyesimama kupimwa kiuno alikuwa ameshasikia habari za "mhandisi wangu". Mtaa mzima ulimwita Mhandisi tangu siku alipopata nafasi ya chuo, hata watoto wa shule ya msingi.

"Na kinachokutisha hasa ni nini pale mbele?" Mama Pole akauliza.

Redio akataka kuleta mzaha, mzaha ukakataa kuja. "Wataona," akasema. "Wataona sijui kitu. Kwamba mtu mwenyewe ni kelele tu, ndani hamna." Na machozi yakamtoka, tena yale ya kwikwi, ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. Alijua ni mwanamume mzima analia mbele ya mama asiyemjua, akatamani ardhi ipasuke. Mama Pole akalisogeza boksi la tishu kwa kidole kimoja tu, polepole, mpaka likamfikia mkononi, kisha akageuza uso kutazama dirishani, ili kijana ajifute bila kutazamwa. Redio hajawahi kufanyiwa heshima kama ile.

Basi sasa usikie alivyoilipa.

Ilikuwa mchana, kantini imejaa, meza yao ina kelele kuliko zote. Alikuwepo Kapteni, nahodha wa timu ya mpira, mtu ambaye akicheka wote wanacheka. Alikuwepo Babu, aliyelala chumba kimoja na Redio, kijana mpole aliyepewa jina hilo kwa kutembea taratibu na kulala mapema kama mzee. Kapteni akameza tonge, akasema, "Redio, juzi nilikuona juu kule, kwenye benchi."

"Kitambulisho," Redio akajibu haraka. "Kimepotea."

"Wiki ya juzi pia nilikuona."

"Kilipotea tena."

"Mara mbili?" Kapteni akainua nyusi, akawageukia wenzake. "Jamani, mbona kama huyu anakwenda kupewa pole?"

Meza yote ikamgeukia. Redio akahisi joto limempanda shingoni mpaka masikioni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Pengine ungenyamaza, jambo likapita. Yeye akafanya kile anachokijua. Akasimama, akachukua kijiko, akakining'iniza kifuani kwa kamba ya funguo kikawa miwani, akashusha sauti. "Poooole, baba. Pole sana. Na hiyo nguo ya ndani ilianza kukubana lini?"

Wakalipuka. Kapteni akapiga meza kofi vikombe vikaruka. Na Redio akishaanza breki hana. Akaketi upande wa pili, akawa mgonjwa, akalia kwikwi huku anapenga kamasi kwenye tai isiyokuwepo. Akarudi upande wa kwanza, akanyoosha kidole kimoja, akalisukuma boksi la viberiti kwenye meza, polepole, polepole, mpaka likafika, kisha akageuza uso kutazama dirisha ambalo halipo. Aliiga vizuri, masikini. Aliiga vizuri mno. Meza za jirani nazo zikageuka kutazama, watu wanafuta machozi ya kucheka. Ni Babu tu ambaye kicheko chake kilikatikia njiani.

Redio alipoinua macho, Mama Pole alikuwa amesimama kwenye kaunta, kikombe cha chai mkononi, akimtazama.

Alikuwa amesimama pale muda gani, sijui. Wa kutosha. Akaja na kikombe chake, akapita katikati ya meza, akapita ubavuni kwa Redio karibu kabisa, kiasi cha kusikia harufu ya ile chai. Hakumkunjia uso. Hakutikisa kichwa. Alimpita kama nguzo ya umeme.

"Umeona?" Kapteni akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika jengo zima. "Mtu mzima huyo! Anapita watu mezani hata salamu hana."

"Labda pole zimemwishia," mwingine akadakia.

Wakacheka upya. Siku hiyo hiyo jina likabadilika, akawa Mama Asiyesalimia. Na mtu mmoja tu pale mezani ndiye aliyejua kwa nini hakusalimia. Alijua kwamba yule mama ametukanwa mbele ya kantini nzima, na papo hapo, akiwa na tusi lake mkononi pamoja na chai yake, amemtunzia siri mtukanaji. Neno moja lingetosha. Redio hakulitoa. Alikaa, akakitazama kile kijiko kifuani pake, akaona haya ambazo hakujua binadamu anaweza kuziona na bado akaendelea kukaa kwenye kiti.

Jioni, jua bado lipo dirishani, alimkuta Babu chumbani anakunja nguo. Akamtania, Babu hakutanika.

"Kidole," Babu akasema bila kugeuka.

"Kidole gani?"

"Kile cha kusukuma boksi. Sauti yake kila mtu anaijua, miwani kila mtu ameiona. Lakini kidole, na kule kugeukia dirishani..." Akalaza shati juu ya shati. "Kile hukioni ukiwa kwenye benchi. Kile unakiona ukiwa umekaa kwenye kiti unalia."

Redio akakosa pa kuweka macho. Halafu, taratibu kama maji yanayopanda, likamjia lingine. "Na wewe umekijuaje?"

"Naenda tangu mwaka wa kwanza," Babu akasema. "Tangu alipofariki dada yangu. Unadhani nalala mapema kwa sababu nina usingizi?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie wewe? Redio?" Hakusema kwa hasira, ndiyo iliyouma. "Leo nilikuwa na miadi. Nimefika ngazini, Kapteni na wenzake wamekaa pale, kila anayepanda wanamnyooshea kidole, 'poole, baba'. Nikapita moja kwa moja kama vile nilikuwa nakwenda kwingine."

Redio akasema samahani. Babu akasema haina shida, kwa ile sauti ambayo mtu akiitumia ujue shida ipo. Kesho yake lile benchi lilikuwa tupu, na kesho kutwa pia. Hata waliopoteza vitambulisho kwelikweli walisimama, wakaogopa kukaa.

Na Redio naye hakupanda tena. Ataingiaje? Ataketi kwenye kile kiti amwambie nini yule mama? Kila alipomwona kwa mbali alijificha nyuma ya jengo. Mlango wa chumba cha michoro ukarudi kuwa uleule wa zamani, akawa hafiki hata kwenye kona. Mbele ya watu akaendelea kutangaza, lakini vichekesho vilimtoka kama mtu anayetapika. Siku za muhula zikawa zinayeyuka.

Ndipo karani wa idara akampigia mama mtu simu.

Mama hakumpigia mwanawe kumuuliza. Alifunga cherehani, akavaa gauni lake la harusini, la harusi za watu, akapanda basi. Redio akaitwa getini, akamkuta anamhoji mlinzi habari za watoto wake kana kwamba wamesoma pamoja.

"Mama! Kuna nini?"

"Nikuulize wewe. Nimepigiwa simu, eti huingii darasani. Nikamwambia huyo dada, wewe umekosea namba, mwanangu mimi namjua." Akamtazama juu mpaka chini. "Umekonda. Ni kweli?"

Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi. "Ni makosa ya ofisi, mama. Kompyuta zao hizi, zinachanganya majina. Wiki nzima wanapigia wazazi wa watu."

Uso wa mama ukafunguka. Na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, jinsi alivyoamini upesi, jinsi alivyoshusha mabega kama mtu aliyetua ndoo. "Nilijua! Nikamwambia na jirani, hao wamekosea. Haya, nionyeshe basi hicho chumba unachochorea. Nimetoka mbali, sirudi bila kukiona. Wateja wangu wataniuliza."

Wakaanza kukatiza uwanja, mama mbele, mkoba kwapani, anasalimia kila mtu na kila mtu anamwitikia. Redio nyuma anahesabu visingizio. Kwenye ngazi za lile jengo la mshauri walikuwa wamejazana wenzake, Kapteni juu kabisa kama jogoo kwenye paa, Babu peke yake chini pembeni, na wengine wengi wakisubiri kipindi cha mchana. Na kutoka mlangoni, miwani kifuani, akatokea Mama Pole, akaanza kuja upande wao.

Njia ni moja. Pa kujificha hapakuwa. Redio akainamisha uso akawa anasoma kamba za viatu vyake. Mama yake akasogea pembeni kwa adabu, akatabasamu, akangoja salamu ya kijana wake itangulie. Mama Pole akampa yeye ishara ya kichwa ya mgeni kwa mgeni, akapita.

"We mtoto!" Mama akasimama. "Mtu mzima anakupita, huna hata shikamoo?"

"Mama, simjui."

"Siku hizi mtu anasalimiwa kwa kujulikana? Mimi nimekulea hivyo?" Na kabla Redio hajamshika mkono kumzuia, akaita, "Dada! Samahani, dada!"

Mama Pole akageuka, akarudi hatua chache.

"Nisamehe, dada yangu. Huyu ni mwanangu, hana tabia hiyo, sijui leo ameingiwa na nini. Wewe unafundisha hapa?"

"Nafanya kazi hapa. Karibu, dada, na pole kwa safari."

"Ahsante. Basi ngoja nikuulize wewe mtu mzima mwenzangu. Huyu unamjua? Maana nimeambiwa haingii darasani, na mwenyewe anasema wamekosea jina."

Mama Pole hakumtazama Redio hata kwa pembe ya jicho. Alimtazama mama machoni, akasema kwa upole, "Simfahamu, dada."

Kule ngazini wakaanza kukohoa vile vikohozi vya kubana kicheko. Kidole kimoja kikanyooshwa, kikasukuma boksi hewani. "Mama, usijisumbue!" Kapteni akapaza sauti. "Huyo huwa hasalimii mtu. Tumeshamzoea!"

Mama wa Redio akamtazama tena Mama Pole, safari hii kuanzia viatuni. Joto lake lote la salamu likamwisha. "Kumbe," akasema. "Basi ndiyo maana. Mtu mzima unafanya kazi na watoto wa wenzio, salamu huna, watoto huwajui. Sasa wao wajifunze wapi adabu?" Akamshika mwanawe mkono. "Twende zetu, mwanangu. Niwie radhi nimekugombeza bure. Mtu mzima hovyo."

Mama Pole alilipokea tusi hilo. Alisimama pale akalipokea, jua linampiga usoni, mikono yake imeshika ile kamba ya miwani. Angeweza kusema maneno matatu tu akasafishika. Hakusema. Akageuka aende zake.

Na moyo wa Redio ukaanza mateke. Yale yale, ya chumba cha michoro. Vidole vikafa ganzi, ngazi zikamsogelea pamoja na watu wake wote, pumzi ikakata. Akaweka kiganja tumboni, pale pale uwanjani, mbele ya Kapteni na dunia nzima. Akavuta pumzi mpaka kiganja kikasogea. Watu wakamwona. Akavuta nyingine.

"Shikamoo, mama," akasema.

Ilitoka nyembamba, haikufanana na Redio hata kidogo. Lakini Mama Pole aliisikia. Akasimama, akageuka, na uso wake ule wa nguzo ukaondoka, ukabaki uso wa mtu anayekujua.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijam... Nina jambo, mama. Nina jambo kubwa."

"Redio bwana!" Kapteni akacheka, akijiandaa kwa mchezo. Akaangalia kushoto na kulia, akajikuta anacheka peke yake.

Redio akamgeukia mama yake. Kumtazama machoni alishindwa, akatazama ule mkono uliomshika, wenye alama za sindano vidoleni. "Huyu ananijua, mama. Amesema hanijui kwa sababu mimi ndiye sikumsalimia, ndivyo tulivyopatana. Nimelia mbele yake kuliko nilivyowahi kulia mbele yako. Halafu nikamgeuza kichekesho, nikachekesha watu." Sauti ikakatika, akaiokota. "Hakuna kompyuta iliyokosea. Siingii darasani. Naogopa, mama. Nikifika mlangoni naona nakufa. Huyu alikuwa ananisaidia, nikaona haya."

Ule mkono wa mama haukulegea, lakini macho yalikuwa yameshatoka kwa mwanawe, yamekwenda kwa yule mwanamke aliyemwita hovyo sasa hivi mbele ya umati. Haya za mtu mzima ni nzito kuzitazama. Zilimpanda taratibu, kidevu kikamcheza.

"Dada," akasema. "Mdomo wangu huu."

"Pole, dada yangu," Mama Pole akasema. "Yameisha."

"Hayajaisha. Na umesimama tu unaniangalia ninavyokutukana."

"Hukujua."

Pale chini ya ngazi, Babu akainuka. Hakuharakisha, ni yeye. Akajipangusa vumbi la suruali, akasimama wima mbele ya Kapteni na wenzake wote, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama Pole akamtazama kwa muda. "Marahaba, baba."

Kisha yule binti wa benchini, aliyekuwa ameegemea ukuta na vitabu vyake kifuani, akasema bila kuinua uso, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa. Na kijana mmoja mrefu wa timu ya mpira, aliyeketi ubavuni kwa Kapteni, akakohoa kikohozi cha kweli, akasema shikamoo, na Kapteni akamgeukia kana kwamba amepigwa kibao. Ikatoka nyingine kule juu, sauti hata haikujulikana ya nani. Kila moja ilikuja peke yake, ya chini, ya mtu aliyejilazimisha, na Mama Pole aliziitikia zote moja moja, mpaka akalazimika kuvaa ile miwani yake na kugeuza uso pembeni, na safari hii hapakuwa na dirisha la kusingizia.

Kapteni alikuwa amekaa, kidole chake kimekunjwa ndani ya ngumi, anatazama viatu.

Mama wa Redio akawaangalia wale vijana, akamwangalia mwanawe, haelewi. Akamvuta karibu, akamfuta uso kwa kiganja kama alivyomfuta akiwa mdogo.

"Na hawa nao vipi?" akanong'ona. "Si amepita hapa hapa sasa hivi, wamekaa wanamwona? Mbona hawakumsalimia mapema?"

"Walikuwa wanaona haya, mama," akasema. "Kama mimi."